Nimelala uvunguni mwa lori Tanga, jua kali, nazuia barafu ya Ujerumani

Mwezi wa kumi na moja, Sahare hapa, jua limewaka mpaka ndala zinanata kwenye lami, mimi nimelala chali uvunguni mwa lori nimeloa jasho shati lote, naandaa mabomba kwa ajili ya barafu. Wapita njia wakawa wanasimama kuuliza, fundi vipi humo, nikiwaambia nazuia maji yasigande wanaangaliana wanaondoka zao, na bibi mmoja wa jirani akamwambia mama kabisa kwamba mwanao mpeleke kivulini, jua limeshampata.

Ngoja nianze mwanzo. Kuna mzee mmoja na mkewe, Wajerumani, wana lile lori la Mercedes la zamani, la pua, nyuma wamelijengea kijumba, kina kitanda, jiko, sinki, bafu, choo, ndo wanaita kempa. Mzee ujanani alikaa Lushoto na Kiswahili anakijua vizuri, ila ni cha milimani, mimi mtu wa pwani anachekesha kidogo. Masika mbili zote walikuja kuliegesha kwetu uwanjani wakapanda ndege wakarudi kwao, mama anawapenda kwa sababu mihogo ya nazi wanaimaliza na sufuria wanaikwangua. Mi ni fundi bomba, kwahiyo maji ya lile lori nikawa nayaangalia mimi, na kwa hapa kwetu kazi yenyewe ilikuwa ndogo tu, unamwaga maji yasiote ukungu, unaacha koki wazi, unaziba matundu kwa wavu mende wasizae humo, umemaliza.

Sasa safari hii mzee akanipigia akiwa ameshaondoka, akasema wajukuu wamekua, lori nalo lirudi nyumbani. Litapanda meli Dar, litafika kule kwenye mwezi wa kwanza, litakaa nje bandarini halafu litakaa nje tena uani kwa mdogo wake mpaka mwezi wa tatu. Akaniambia fundi, maji yote yatoke. Nikamjibu mzee hilo tu, si nafungua koki ya tangi naenda zangu kunywa chai? Akacheka sana, halafu akakaa kimya, halafu akasema koki ya tangi ni mwanzo tu mwanangu.

Kwakweli sikumuelewa. Baridi yangu mimi kubwa kabisa ni Lushoto mwezi wa saba, unavaa sweta unaota moto, basi, bomba halijali. Nikaamua nijaribu kwa macho yangu. Pale nyumba ya tatu kuna mama anauza barafu za ubuyu, ana friza la kulala, nikamuomba nafasi ya usiku mmoja. Nikachukua koki ya plastiki, mpya, ya nusu inchi, nikaijaza maji pomoni nikaifunga kofia huku na huku na tredi tepu, nikailaza kati ya barafu zake. Amelalamika huyo, ooh fundi unaniletea vyuma kwenye biashara. Asubuhi naenda kuichukua imepasuka ubavuni kama ganda la karanga. Na barafu imechungulia nje kabisa kwenye ufa, kama ulimi.

Pale ndo nikaamini. Maji yakiganda yanaongezeka, karibu asilimia 9, na yakiwa yamefungiwa hayana pa kwenda lazima yajitafutie njia, yule mama barafu mwenyewe alishaniambia hata soda ya chupa akiisahau humo anaokota vigae. Tofauti ya friza na bomba ni kwamba chupa ikipasuka unaona saa ileile, bomba likipasuka barafu yenyewe inakuwa imeziba ufa, unakuja kujua miezi mitatu baadae umejaza maji unawasha pampu, godoro linaelea.

Nikamrudia mzee kwa adabu, shikamoo mzee, hebu nielekeze. Akanitumia voisi kumi na nne. Mke wangu alizisikiliza zote jikoni mpaka akawa anajua hita ya maji kuliko saidia wangu.

Kitu cha kwanza nilitaka kukosea ni dawa. Mzee alisema kwao, na Marekani zaidi, kuna maji fulani ya pinki, unayaingiza kwa pampu yenyewe mpaka kila koki iteme pinki, basi mabomba yakae nayo baridi yote, lita kama 10 hivi zinatosha maana hita unaiziba pembeni yasiingie huko. Nikaenda Ngamiani kwenye maduka ya spea nikauliza dawa ya kuzuia maji yasigande, kijana akanipa galoni ya kulanti, ile ya kupozea injini, ya kijani, akaniambia hii hii broo, imeandikwa mpaka nyuzi ngapi chini ya sifuri. Na kweli imeandikwa. Nikapiga picha nikamtumia mzee, haikupita dakika simu inaita, anafoka, hapana hapana hapana! Kumbe kulanti ya gari nyingi ni ethileni glaikoli, sumu, inaua figo, na mbaya zaidi ina utamu, mtoto au mbwa akiilamba anaendelea kulamba. Ile ya pinki ni propileni glaikoli, ndugu yake ila ya taratibu, hata kwenye vyakula inatumika. Sasa ukishapitisha sumu kwenye bomba la kunywea utaisafisha mpaka lini uamini imeisha? Ya pinki nimezunguka Tanga nzima sijaipata, na Dar sikujisumbua kuagiza. Mzee akasema basi tutatumia upepo. Nikarudisha galoni, yule kijana hakufurahi ila hela alinipa.

Siku ya kazi nikaanza na rahisi. Tangi kubwa lilikuwa na kama lita 150, sikuzimwaga hovyo, niliwaita watoto wa mtaa na madumu, na mchicha wa mama ukapata sehemu yake. Tangi la maji machafu nikalifungua, kaseti ya choo, kile kisanduku cha chini kinachopokea uchafu, nikaitoa nikaiosha nikaianika. Chujio la kunywea, lile la kigae cheupe ndani, nikalitoa likasafiri kavu kwenye boksi, maana kile kigae kikiganda na maji kinapata nyufa ambazo jicho halizioni, utaendelea kunywa ukijua umechuja.

Kisha hita. Hapa ndo nataka mkae na mimi kidogo maana hapa ndo nimejifunza.

Hita ya lile lori ni Truma, ya gesi, lita 10. Chini yake ina valvu ya kumwagia yenye akili zake, joto likishuka kufika karibu nyuzi 3 inajifungua yenyewe inamwaga maji yote chini ya gari. Mi nilivyoiona masika ya kwanza nilijua ni mbovu maana haikuwahi kujifungua hata siku moja, kumbe ilikuwa inasubiri baridi, Tanga ingesubiri mpaka kiama. Mzee akasema hiyo ndo inawaponza watu kwao, wanaiamini, inaokoa hita lakini maji ya kwenye mabomba na kwenye koki haiyagusi. Basi nikahakikisha imepoa, nimezima gesi na umeme wake toka jana yake kwa sababu maji ya moto ya hita yanatoka na presha hayana urafiki, nikaweka ndoo yenye alama za lita chini, nikazungusha kile kifundo kwa mkono. Maji yakaja vizuri, baadae yakapungua, yakawa matone, yakakata.

Kama isingekuwa ndoo ningeondoka. Nikaangalia alama, 7. Hita ni ya 10. Tatu zipo wapi?

Nikampigia mzee kwa kiburi kidogo, nikijua nimegundua hita yake imechakaa imejaa chokaa ndani, maji ya visima vya pwani si mnayajua yana chumvi chumvi. Akaniuliza koki za maji moto umefungua? Nikanyamaza. Nilikuwa nimefungua za baridi tu, za moto nikajua hazihusiki maana tangi tupu. Nikaingia ndani nikafungua ya moto jikoni, nikasikia mle chini gloo gloo gloo, yakashuka yaliyobaki mpaka ndoo ikakaribia 10. Ni kopo la maziwa, ukitoboa tundu moja maziwa hayaji, kila mtoto wa kidukani anajua unatoboa mbili, na mimi fundi wa miaka kumi na moja nimesahau tundu la pili. Tena zile koki zake ni za mkono mmoja, unapeleka kulia baridi kushoto moto, ukitaka zote zipumue unauacha mkono katikati na umeunyanyua. Hilo andikeni mahali.

Baada ya hapo ndo upepo. Maji yanayobaki kwenye mabomba baada ya kumwaga ni mengi kuliko unavyodhani, maana mabomba ya kijumba yanapita yanapanda yanashuka, kila penye bonde pamebaki kidimbwi. Nikamleta fundi pancha wa barabarani na kompresa yake, elfu kumi kwa nusu siku na chai. Yeye kazoea matairi ya malori, anajaza mpaka inazidi psi 100, mimi nikamwambia nataka psi 30 tu isizidi, maana mzee kasema bar 2 mwisho, ile hita yenyewe haitakiwi kuzidi 2.8, ukiipiga na presha ya tairi unapasua kwa upepo kile ulichokuwa unakikinga na barafu. Akacheka, akasema bosi hii si ya boda hii. Nikamwambia ndio, hiyohiyo ya boda.

Kuunganisha nilitengeneza mwenyewe na najisifu. Nilichukua kofia ya nusu inchi nikaitoboa katikati, nikapachika valvu ya tairi la tubuless, ile ya mpira inabana yenyewe, nikafunga nipo, kile kibomba kifupi cha kuungia, nikavalisha kipande cha hozi na klipu. Pampu yake ni ndogo ya volti 12, kwanza niliiwasha kavu sekunde kumi na tano hivi iteme ya tumboni kwake, nikazima nikatoa na fyuzi asije mtu akaigusa, halafu nikaichomoa hozi ya kutokea nikaunga upepo wangu pale, baada ya pampu. Usipige kabla ya pampu, ndani ina valvu zake za kuzuia maji yasirudi. Upande maji yanapoingilia pampu kuna kikombe cha plastiki cha chujio, kifungue kwa mkono, kile kimejaa maji saa zote na ndo wa kwanza kupasuka.

Valvu ya hita nikaifunga kwanza upepo usikimbilie huko. Kijana anashika kompresa, saidia wangu anapita kwenye koki, anaanza ya mbali kabisa anarudi, moto peke yake, baridi peke yake. Inatema maji, inatema povu, inakohoa kama mzee wa tumbaku, mpaka itoke hewa tupu, anafunga anaenda nyingine. Choo unabonyeza kitufe cha kumwagia unakishikilia. Na kuna bafu la nje, kikoki kiko nyuma ya kifuniko ubavuni kwa lori, kile wote tulikisahau. Tumeshakunja hozi, fundi pancha ameshapakia, mimi naegemea pale ubavuni nakunywa maji ya dafu, kifuniko kikafunguka, nikajaribu tu kukizungusha, kikanitemea glasi nzima ya maji kifuani. Ikabidi kijana ashushe kompresa tena, elfu mbili ya usumbufu. Tukarudia na zile nyingine mara ya pili tulipokuwa pale pale, na zikatema tena! Kidogo, lakini zilitema. Mwisho nikafungua ya hita ikabaki wazi moja kwa moja.

Zikabaki trapu, yaani zile pindo za chini ya sinki na bafu zinazozuia harufu, humo maji lazima yakae na upepo haukusaidii. Ya pinki sina. Mzee akasema wengine kwao wanatia chumvi, na mi nikafurahi maana chumvi kwetu si bidhaa ya kutafuta, mabwawa ya chumvi yapo Mkinga hapo tu. Gramu 300 kwa lita moja ya maji, koroga mpaka iishe, hayo hayagandi mpaka karibu nyuzi 21 chini ya sifuri. Mama akataka kupima kwa yai, likielea tayari, nikamwambia yai linaelea mapema mno mama, lile ni kwa achari, hapa tunapima kwa mizani. Maana hata bahari ina chumvi na bado inaganda kwenye nyuzi kama 2 chini ya sifuri, kwahiyo kiasi ndo jambo. Nikamimina kwa mpira mwembamba moja kwa moja kwenye tundu, yasiguse sinki la chuma, na nikapangusa pembeni. Kwenye trapu tu, ni plastiki haina cha kuliwa. Kwenye pampu au hita usithubutu.

Lori likaenda Dar lenyewe, nililiendesha mimi, kilomita 350 na zaidi kidogo, na mzee alisema niende na koki zote wazi chini, barabara itafanya kazi yake. Na kweli, nilisimama Segera kula mahindi, naangalia chini kuna kidimbwi cha ukubwa wa sahani. Mbele huko askari akanisimamisha, dereva gari yako inavuja, nikamwambia afande si mafuta, ni maji, nayamwaga yasigande. Akaniangalia mimi, akaliangalia jua. Nenda, akasema.

Mwezi wa kwanza mzee akanitumia picha, lori lipo uani kwa mdogo wake, theluji imekaa juu ya pua kama mtu amemwaga unga wa sembe, nyuzi 11 chini ya sifuri ile asubuhi. Nilikaa na ile picha siku mbili nawaonyesha watu, yule bibi wa jirani nilimfuata mpaka barazani kwake. Lakini usingizi sikuwa nao, mpaka mwezi wa tatu ndo akajaza maji. Akaanza na jiki isiyo na harufu, mililita 60 kwenye kila lita 57 hivi, akaipitisha kila koki, akaiacha usiku kucha, akasuuza, halafu akanipigia video moja kwa moja anawasha pampu niko namtazama. Pampu imelia, ikajaza, ikanyamaza. Ikinyamaza ujue hakuna panapovuja. Jikoni sawa, hita sawa, choo sawa, la nje tulilolisahau sawa kabisa!

Akafungua bafu la ndani. Maji yakarusha pembeni, yakampata kwenye miwani.

Kile kichwa cha kuogea, cha mkononi. Tulikipuliza vizuri kabisa halafu saidia wangu kwa unadhifu wake akakirudisha kwenye ndoano yake juu, hozi ikaning'inia ikatengeneza tumbo, matone yaliyobaki kwenye hozi yakatikisika mpaka Dar, baharini nako wiki ngapi, mengine yakaishia humo kichwani yakagandia hapo. Kilitakiwa kilazwe chini sakafuni kimefunguliwa kabisa kutoka kwenye hozi. Mzee hakukasirika, akasema euro kumi na tano, fundi, kwa gari zima, kwake mwenyewe mwaka mmoja alipoteza pampu na koki tatu.

Wamekuja wageni wao mwezi uliopita, wamenibebea kile kichwa kilichopasuka, zawadi. Mimi sikucheka sana. Saidia amekitundika kwenye msumari pale banda la vifaa, kichwa juu, hozi chini, vilevile alivyokikosea.